Nyumba nne za kupangisha Nzuguni: baada ya kodi za Serikali na hali ya soko la Dodoma, mwenye nyumba anabaki na nini?

Mtumishi wa Kisasa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamia Dodoma pamoja na wizara yangu. Ninaishi Kisasa katika nyumba ya kupanga, na nina kiwanja cha mita za mraba 800 kule Nzuguni ambacho kimepimwa na kina hati. Ninakusudia kujenga nyumba nne ndogo zilizoungana chini ya paa moja, kila moja ikiwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani, zote kwa ajili ya kupangisha. Makisio niliyopewa ni shilingi milioni 120 hadi nyumba zikabidhiwe funguo. Nusu ya fedha hizo ninazo, na milioni 60 zilizobaki benki iko tayari kunikopesha kwa dhamana ya mshahara, kwa riba ya asilimia 16 na marejesho ya miaka mitano.

Nyumba za aina hiyo katika mtaa ule hupangishwa kwa takriban shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo kwa hesabu yangu ya haraka ninapata milioni 12 kwa mwaka. Wasiwasi wangu ulianza nilipozungumza na shirika moja linalotaka kuwapangia wafanyakazi wake nyumba mbili kati ya hizo. Mhasibu wao aliniambia kwamba watakata asilimia 10 kabla ya kunilipa na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA), jambo ambalo sikuwa nimeliweka katika hesabu. Tena ninaona vibao vya "nyumba inapangishwa" vimeongezeka sana katika mitaa ambayo zamani ulikuwa ukitafuta nyumba kwa mwezi mzima bila kupata. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze kwa kina kodi zote zinazomhusu mwenye nyumba, na kama soko la sasa linaruhusu mtu kujenga kwa mkopo.

Hesabu Kamili

Ndugu Mtumishi, nitajibu upande wa kodi, kwa kuwa ndio ninaoufanyia kazi, na upande wa soko nitawaachia wanaotembea mitaani kila siku.

Asilimia 10 uliyoambiwa ni kodi ya zuio kwenye pango, inayotozwa kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato kwa mwenye nyumba ambaye ni mkazi wa Tanzania. Asiye mkazi hukatwa asilimia 15. Mpangaji ni mkusanyaji tu kwa niaba ya TRA, na kodi yenyewe ni yako. Mashirika, kampuni na ofisi za Serikali zimekuwa zikikata kwa miaka mingi, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ikasogeza wajibu huo hadi kwa wapangaji binafsi, ingawa sote tunajua kwamba mitaani utekelezaji wake bado ni hafifu. Aliyekata anatakiwa kuwasilisha fedha hizo ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha na kukupa hati ya zuio. Hati hiyo uidai na uitunze, kwa sababu bila hiyo huwezi kuthibitisha kwamba kodi ililipwa. Ukilipwa miezi sita kwa mkupuo, yaani shilingi 1,500,000 kwa nyumba moja, zitakatwa shilingi 150,000 palepale.

Kuna ushuru wa stempu kwenye mkataba wa pango, ambao ni asilimia 1 ya pango la mwaka. Watu huupuuza kwa kuwa ni mdogo, lakini mkataba usiolipiwa stempu hauwezi kupokelewa mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na siku ya kugombana na mpangaji aliyegoma kuhama ndipo unapoutafuta. Nani alipe kati yenu ni suala la makubaliano, hivyo liandikwe mapema. Kodi ya majengo, tangu Julai 2023, ni shilingi 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida na shilingi 90,000 kwa kila ghorofa, nayo hukatwa kidogo kidogo mtu anaponunua umeme. Kodi ya pango la ardhi utaendelea kuilipa kila mwaka kama unavyoilipa sasa. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) isikusumbue, kwa sababu pango la makazi limesamehewa. Lingekuwa jengo la maduka au ofisi, na mauzo yako yakavuka milioni 200 kwa mwaka, tungezungumza mengine.

Sasa tuziweke namba zako mezani. Milioni 12 hutazipata, kwa kuwa hakuna nyumba isiyokaa wazi. Tuchukulie kila nyumba inakaa tupu mwezi mmoja kwa mwaka, ubaki na milioni 11. Ondoa zuio 1,100,000, stempu 110,000 na kodi ya majengo 18,000, kisha tenga walau 1,200,000 kwa matengenezo, kupaka rangi upya na mambo ya maji. Unabaki na takriban milioni 8.57, ambayo ni kama asilimia 7 ya gharama ya ujenzi, bila kuhesabu thamani ya kiwanja. Hapo bado hatujagusa mkopo. Milioni 60 kwa masharti uliyoyataja zinakudai rejesho la karibu shilingi 1,460,000 kila mwezi, na katika mwaka wa kwanza takriban milioni 9 ya marejesho hayo ni riba peke yake. Kwa maneno mengine, riba ya mwaka wa kwanza inameza kila kilichobaki na kukudai nyongeza ya shilingi laki nne na ushee, kabla hujapunguza deni lenyewe hata shilingi moja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wajenzi wengi wa nyumba za kupangisha hawalitazami. Kwa mtu binafsi asiyeendesha upangishaji kama biashara, zuio la asilimia 10 ndiyo kodi ya mwisho, yaani hudaiwi kodi nyingine ya mapato kwenye pango hilo, nalo hukokotolewa kwenye pango ghafi. TRA haikuulizi riba, wala bati lililong'olewa na upepo, wala dalali. Katika mfano wako utalipa kodi ya shilingi 1,100,000 katika mwaka ambao hukupata faida yoyote. Anayejenga kwa fedha zake mwenyewe hulipa asilimia 10 hiyo bila maumivu, na kwa kweli ni nafuu ukilinganisha na viwango vya kodi ya mapato vinavyofika asilimia 30. Anayejenga kwa mkopo mkubwa ndiye inayemwelemea.

Ukiuendesha upangishaji kama biashara, ukaweka vitabu vya hesabu na kuwasilisha ritani (taarifa ya mapato ya mwaka), riba na matengenezo hutolewa kabla ya kodi, asilimia 5 ya gharama ya jengo hutolewa kila mwaka kama uchakavu, na zuio lililokatwa huhesabika kama sehemu ya kodi uliyokwisha kulipa. Katika miaka ya mkopo njia hiyo inaweza kukuondolea kodi kabisa. Deni likiisha, faida itaongezwa juu ya mapato yako mengine na kutozwa kwa viwango vinavyopanda. Nenda TRA na makadirio yako mkononi kabla hujachimba msingi, wakueleze utawekwa katika kundi gani.

Mzawa wa Chamwino

Mimi nasimamia nyumba za watu hapa mjini, za wenyewe walioko Dar es Salaam na Mwanza, kwa hiyo niruhusuni nizungumzie soko kwa urefu kidogo.

Anayetaka kulielewa soko la nyumba la Dodoma aanze kwa kuelewa kwamba mpangaji mkuu hapa ni Serikali, kupitia mishahara ya watumishi wake. Mji ulitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kwa zaidi ya miongo minne ukakua taratibu, chini ya CDA (mamlaka ya kustawisha makao makuu), kwa mwendo ambao haukumtajirisha mwenye nyumba yeyote. Kishindo kilikuja Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote inahamia. Watumishi walifika kwa maelfu wakati nyumba hazikuwepo, na pango katika Area C, Area D, Kisasa na Ilazo likapanda kwa namna ambayo wazee wetu wa Kigogo waliobaki na nyumba zao za zamani katikati ya mji walishindwa kuiamini. Kila aliyekuwa na kiwanja akajenga. CDA ikavunjwa mwaka 2017, viwanja vikapimwa kwa wingi, na mji ukatanuka kuelekea Nzuguni, Iyumbu, Nala, Mkonze na kwingineko, penginepo juu ya yaliyokuwa mashamba ya zabibu. Sensa ya 2022 ilikuta watu 765,179 katika Jiji la Dodoma.

Vibao unavyoviona ni matokeo ya ujenzi huo kuwafikia wapangaji na, katika baadhi ya mitaa, kuwapita. Watu wanaongezeka, lakini watumishi wengi waliopanga mwaka 2017 na 2018 wamekwisha kujijengea na kuhamia kwao, nao ndio waliokuwa wapangaji bora kuliko wote. Ongeza nyumba zinazojengwa na taasisi za Serikali zenyewe. Wakala wa Majengo (TBA) umejenga nyumba za watumishi hapohapo Nzuguni, na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) limejenga Iyumbu. Hao ni washindani wako, tena wenye uwezo wa kusubiri kuliko wewe. Usisahau pia treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mtu aliyekuwa akilazimika kuhamishia familia nzima hapa, sasa anaweza kuiacha Dar es Salaam akapanga chumba na sebule na kurudi kwake Ijumaa jioni. Ninaona hilo kwa wateja wangu: wanaotafuta nyumba kubwa ya familia wamepungua, na wanaotafuta sehemu ndogo, safi, yenye uzio na usalama wameongezeka.

Kuhusu Nzuguni mahususi, mahali ulipo si pabaya hata kidogo. Mji wa Serikali uko Mtumba, kiasi cha kilomita 17 mashariki mwa katikati ya mji, na Nzuguni iko upande huohuo wa barabara ya Dar es Salaam. Wakati baadhi ya wizara zilipokuwa zimehifadhiwa katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, mahitaji yalielemea upande wa chuo. Sasa yanafuata Mtumba. Lakini Nzuguni ni kubwa, na mita mia tano kutoka barabara ya daladala si sawa na kilomita tatu ndani ambako bajaji inagoma kuingia masika. Mpangaji wa shilingi 250,000 huuliza maji kwanza, kisha barabara, kisha umeme, na marumaru huziangalia mwisho. Mji huu una kiu. Mgao wa maji si jambo geni katika maeneo mapya, na nyumba isiyo na tenki kubwa la akiba hukaa wazi hata kama ni nzuri kwa sura. Katika makisio yako ya milioni 120, hakikisha tenki, mnara wake na uzio vimo, kwa kuwa wakadiriaji wengi huviacha nje ili jumla ipendeze.

Hiyo nafasi ya mwezi mmoja kwa mwaka aliyoiweka Ndugu Hesabu Kamili naiona ya ukarimu. Kwa eneo jipya ningeweka miezi miwili, na pango la shilingi 200,000, nione kama bado ninalala usingizi.

Hesabu Kamili

Nimezikokotoa kama ulivyopendekeza, Mzawa. Nyumba nne kwa shilingi 200,000 kwa miezi kumi ni milioni 8. Toa zuio 800,000, stempu 80,000, kodi ya majengo 18,000 na matengenezo yaleyale 1,200,000, zinabaki takriban milioni 5.9. Pango ghafi limeshuka kwa asilimia 27, lakini kinachobaki mfukoni kimeshuka kwa asilimia 31, kwa sababu matengenezo na kodi ya majengo havijui kama soko limeyumba. Mbele ya riba ya milioni 9, pengo ambalo mshahara utalazimika kuliziba linakuwa zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, mbali na deni lenyewe.

Mama wa Ilazo

Mwanangu Mtumishi, mimi ni mstaafu, na nyumba zangu tatu zinanilipia dawa na ada za wajukuu, kwa hiyo sitakukatisha tamaa. Nitakueleza kuhusu mikataba, kwa sababu hesabu za wenzangu ni sahihi lakini fedha nyingi hupotelea kwenye karatasi.

Shirika likikuambia litalipa 250,000, uliza kama ni kabla ya zuio au baada yake. Ikiwa unataka 250,000 kamili ikufikie mkononi, mkataba uandike takriban 277,800, ili wakikata asilimia 10 ibaki hiyo unayoitaka. Mashirika hulielewa hilo na mengi hukubali, kwani wanajua bei ya mtaani imezoea kutokuwa na makato. Mpangaji binafsi ni shughuli nyingine. Ukimwambia akate na kupeleka TRA anakuona unamletea matatizo, na ukimwongezea bei anavuka barabara kwenda kwa jirani asiyeuliza lolote. Kwa hao, mimi huweka bei ya soko na kodi naipeleka mwenyewe. Pia pango liandikwe kwa shilingi. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zimezuia bei za ndani ya nchi kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, na bado kuna wenye nyumba wanaodhani mashirika yatawalipa dola.

Suala la LUKU (umeme wa kulipia kabla) lishughulikie kabla mpangaji hajaingia. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, ila mkato unamkuta anayenunua umeme, na shilingi 1,500 kwa mwezi zimewahi kuniletea maneno mengi kuliko hata maji. Weka mita moja kwa kila nyumba, na kwa kuwa jengo lako litakuwa moja, hakikisha kodi hiyo haikatwi kwenye mita zote nne. Kisha andika katika mkataba kwamba anayekatwa atarudishiwa kwenye pango. Ukija kupandisha bei, usiipandishe kwa sababu jirani kapandisha. Sheria ya zamani ya udhibiti wa pango ilikwisha kufutwa, kwa hiyo hakuna wa kukuzuia, lakini mpangaji mwema wa miaka minne ana thamani kuliko nyongeza ya shilingi 20,000 inayofuatiwa na nyumba kukaa tupu miezi miwili.

Mwekezaji wa Makole

Kwa heshima zote, hakuna aliyemuuliza Ndugu Mtumishi kwa nini lazima iwe nyumba. Hatifungani za Serikali, yaani fedha unazoikopesha Serikali, za miaka 20 na 25 zimewahi kutolewa kwa riba inayovuka asilimia 15, riba hiyo haikatwi kodi, hulipwa kila baada ya miezi sita, na unaweza kuanza na shilingi milioni 1. Weka milioni 60 ulizonazo huko, kaa kimya, na kiwanja kiendelee kupanda thamani. Faida ya asilimia 7 yenye mafundi na madalali ndani yake sioni inavutia wapi.

Mzawa wa Chamwino

Ndugu Mwekezaji, hoja yako ina nguvu, ila hatifungani haiongezeki thamani pamoja na mji. Kiasi utakachorudishiwa baada ya miaka 20 ni kilekile ulichoweka, wakati nyumba huweza kuuzwa kwa bei ya siku hiyo, na pango hupanda kadiri bei za vitu zinavyopanda. Tena riba za dhamana hizo nazo hubadilika kila toleo. Aliyenunua toleo moja hapati alichopata mwenzake wa toleo lililotangulia. Ninakubaliana nawe kwenye jambo moja, kwamba kukopa kwa asilimia 16 ili kununua mapato ya asilimia 7 hakukubaliki kihesabu, labda uwe na uhakika kwamba thamani ya eneo itapanda haraka, na uhakika huo kwa Nzuguni mimi sina.

Mtumishi wa Kisasa

Nimesoma michango yote na ninawashukuru sana. Mama, nimekusikia. Kwa mliyoyasema, ninaona nijenge nyumba mbili tu kwa milioni 60 nilizonazo, tenki na uzio vikiwemo, bila mkopo, na msingi wa hizo mbili nyingine niuache mpaka nione zile za kwanza zinakaliwaje. Kwa nyumba hizo mbili nitalipatia shirika kipaumbele. Ninalo swali moja la mwisho kwa Ndugu Hesabu Kamili: ikiwa baada ya miaka kadhaa nitaamua kuuza kiwanja pamoja na nyumba, kuna kodi gani, na je, kuna jambo la kufanya sasa ili kuipunguza?

Hesabu Kamili

Lipo, Ndugu Mtumishi, na linaanza siku utakaponunua tripu ya kwanza ya mchanga. Mkazi anapouza ardhi au jengo hutozwa asilimia 10 ya faida, yaani tofauti kati ya bei ya kuuzia na gharama alizotumia kununua na kujenga, nayo hulipwa kabla umiliki haujahamishwa. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei yote, au ya thamani iliyothibitishwa na mthamini kama hiyo ndiyo kubwa. Tuseme umeuza kwa milioni 150 na una risiti za milioni 110 zikijumlisha kiwanja. Faida ni milioni 40 na kodi ni milioni 4. Bila risiti ungelipa milioni 4.5. Tofauti hapo ni ndogo, lakini fikiria umeuza kwa milioni 115 tu kwa sababu una haraka au soko limeshuka. Mwenye risiti atalipa shilingi 500,000, na asiye nazo atalipa 3,450,000 kwa faida ileile ndogo.

Msamaha uliopo kwa nyumba ya makazi, wa faida isiyozidi milioni 15, unamhusu mtu aliyeimiliki na kuishi humo kwa miaka isiyopungua mitatu, kwa hiyo nyumba zako za kupangisha hazimo. Saruji, nondo, bati na marumaru vinunuliwe kwa risiti za mashine ya kodi (EFD) zenye jina lako na namba yako ya mlipakodi (TIN). Malipo ya mafundi yaandikiwe mkataba na yapitie benki au simu, na kibali cha ujenzi cha Jiji pamoja na makisio yake uvitunze katika jalada hilohilo. Risiti za EFD hufifia wino upesi katika joto letu, hivyo kila moja itolewe nakala siku unayoipokea.